Ruzuku ya Mazingira Isimpite Mzee Mlangoni

Katika mabaraza ya Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta kuna neno ambalo siku hizi latajwa sana, nalo ni ruzuku ya mazingira. Wageni huja, huandika majina ya watu, hupiga picha, kisha husema kwamba ziko fedha kwa vikundi vinavyotunza misitu, maji, udongo na wanyama wa porini. Tena wameongeza neno la pili. Wasema wanataka maarifa ya wenyeji, yaani ile akili ya wazee ya kujua mti gani hushika maji, mbegu gani huvumilia jua, na tembo hupita wapi mtama unapokomaa.

Wakulima wengi wa skimu husikia habari hizi kisha hurudi nyumbani na kusema, "Hayo ni mambo ya watu wa mlimani wenye misitu. Sisi tuna eka chache za vumbi tulizopimiwa na Serikali." Nami nasema hapana. Mambo haya yakuhusu wewe wa skimu kuliko mtu mwingine yeyote, na ukikaa kimya fedha zitapita juu ya kichwa chako kama mawingu yapitayo juu ya Voi kwenda kunyesha mlimani.

RUZUKU NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Ruzuku si mkopo. Hairudishwi, wala haina riba. Lakini si sadaka pia. Ni fedha zinazotolewa kwa kazi iliyotajwa, na mwenye kuzipokea hana budi kuonyesha kwamba kazi ile imefanyika. Asiyeweza kuonyesha hapati mara ya pili.

Fedha za namna hii zimekwisha kufika katika nchi yetu kwa njia nyingi. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ambao husimamiwa na shirika la UNDP, umekuwapo Kenya tangu mwaka 1993, na kwa miaka mingi kiwango cha juu kwa kikundi kimoja kilikuwa dola 50,000. Kuanzia mwaka 2004 mfuko mwingine uitwao CEPF ulitoa jumla ya dola milioni 7 kwa ajili ya misitu ya pwani na ya Milima ya Tao la Mashariki katika Tanzania na Kenya. Milima ya Taita imo katika Tao hilo, tena ndiyo peke yake iliyo upande wa Kenya. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mpango uitwao FLLoCA, wa kupeleka fedha za tabianchi hadi mashinani. Mpango huo ulizitaka kaunti zitunge sheria ya mfuko wa tabianchi, na kila wadi iwe na kamati yake ya kupanga kazi.

Kwa hiyo njia ya fedha ipo. Jambo la kuuliza ni nani amesimama mwisho wa njia hiyo kuzipokea.

WAZEE WALIJUA NINI?

Wako vijana wanaocheka wakisikia maarifa ya wazee. Hudhani ni hadithi za kale za kupoteza wakati. Basi tazama mlimani.

Tangu zamani Wadawida walikuwa na misitu yao ya fighi. Hapo palikuwa mahali patakatifu na kinga ya nchi, palipokuwa na wazee wake wa kupatunza, na mtu hakuingia na shoka apendavyo. Palikuwa pia na mapango yalimohifadhiwa mafuvu ya wahenga, na miti iliyoyazunguka haikuguswa. Mtu wa dini nyingine anaweza kusema hakubaliani na ibada ile, na hiyo ni haki yake. Lakini mkulima na atazame matokeo. Pale palipokuwa na fighi, miti mikubwa ya asili ilisimama miaka mingi bila askari wa msitu, bila bunduki, wala bila faini ya mahakama. Udongo wa mteremko ulishikwa, na maji yalishuka kidogo kidogo.

Desturi ile ilipolegea ilikuwaje? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wana kituo chao cha utafiti hapo Wundanyi, walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani katika milima ya Taita mwaka 1955 na mwaka 2004. Waliona kwamba katika miaka hiyo nusu ya msitu wa asili ilikuwa imetoweka, yaani kiasi cha hekta 260. Na hapa lipo jambo la kushangaza. Ukihesabu miti yote, eneo la msitu lilipungua kwa asilimia 2 tu, kwa sababu misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni ilipandwa. Kwa hiyo mtu wa ofisini aliyehesabu miti angesema hakuna hasara. Mzee anayejua tofauti ya mti wa asili na mkaratusi angesema tumepoteza nusu ya mali. Yupi kati yao alikuwa na hesabu iliyo sawa?

Tazama tena mifereji. Katika milima ya Taita na kule Taveta watu walichimba mifereji ya maji kwa mikono yao kabla ya kuja mhandisi yeyote. Mfereji ulikwenda kwa zamu, kila nyumba na siku yake, na kazi ya kufukua matope ilikuwa ya wote. Siku hizi mradi wa mamilioni waweza kujengwa kwa saruji ukafa baada ya miaka mitatu, si kwa sababu saruji ni mbaya, bali kwa sababu hakuna aliyepanga zamu. Kupanga zamu ni maarifa. Hayauzwi dukani.

NYUKI WA SAGALLA

Labda utasema, "Hayo ni ya kale. Nipe mfano wa leo." Basi huna haja ya kwenda mbali. Toka Voi uelekee Sagalla, ufike Mwakoma, karibu na mpaka wa Mbuga ya Tsavo Mashariki.

Wewe wajua taabu ya tembo. Mbuga za Tsavo zilianzishwa mwaka 1948, nazo zashika kiasi cha asilimia 62 ya kaunti yetu. Tembo hana ramani. Mkulima hulima miezi mitatu, na usiku mmoja tu humaliza yote.

Huko Laikipia wafugaji walikuwa wakisema tangu zamani kwamba tembo hawapendi mti wenye nyuki. Wataalamu wa wanyama hawakulicheka neno hilo. Walilichunguza, na mwaka 2002 waliandika habari zake. Mwaka 2007 Dkt. Lucy King na wenzake walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya Samburu: walipowasikilizisha tembo sauti ya nyuki walioudhika, wengi walikimbia. Tangu mwaka 2009 shirika la Save the Elephants, likifanya kazi pamoja na wakulima wa Sagalla, lilianza kujenga ua wa mizinga katika mashamba ya Mwakoma.

Ua huo ni rahisi kuuelewa. Kila baada ya mita 10 kuzunguka shamba hutundikwa mzinga, au mahali pake hutiwa kibao chenye umbo la mzinga, kisicho na nyuki, ili kupunguza gharama. Vyote huunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Eka moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi, kwa hiyo yahitaji vituo kama 25, nusu mizinga ya kweli na nusu vibao. Na mkulima huvuna asali.

Uchunguzi wa miaka tisa, ambao habari zake zilitolewa mwaka 2024, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya tembo waliokaribia nyua hizo walirudi nyuma, na katika majira ambayo mimea ilisitawi vizuri walikuwa wengi zaidi. Lakini ulionyesha pia jambo ambalo yatupasa kulisema waziwazi: baada ya ukame wa mwaka 2017 nyuki walihama mizinga mingi, na iliwachukua miaka kurudi. Ua wa nyuki hautoshi peke yake. Bila maua hakuna nyuki, na bila miti ya asili hakuna maua wakati wa kiangazi.

Tazama sasa jinsi mambo yalivyofuatana. Wafugaji walitoa neno. Wataalamu walilipima. Wafadhili walitoa fedha. Wakulima wa Sagalla walitoa mashamba yao, kazi yao, na usiku wao wa kukesha, na bila wao neno lile lingebaki katika vitabu. Hiyo ndiyo njia nzuri ya kutumia ruzuku: maarifa ya watu yaanze, kipimo kifuate, fedha zije kusaidia, na faida irudi shambani.

KWA NINI SISI WA SKIMU?

Sasa nije kwako wewe wa skimu hasa. Mpima ardhi alipokuja alichora mistari iliyonyoka. Hakuwa na kosa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Lakini maji hayafuati mstari ulionyoka, wala tembo hafuati jiwe la mpaka. Wengine walipewa viwanja katikati ya njia ya tembo. Wengine walipewa bonde ambalo huwa kavu miaka minne, na mwaka wa tano likageuka mto. Mzee wa pale angeweza kusema hayo kwa dakika tano, kama angeulizwa.

Tena katika skimu tumechanganyika. Yuko Mdawida aliyeshuka kutoka mlimani, yuko Msagalla, yuko Mtaveta, yuko Mkamba, na wako wengine kutoka mbali. Kila mmoja amekuja na akili ya mahali alikotoka. Hiyo ni mali, lakini ni hatari pia, kwa sababu aliyezoea mvua ya mlimani atapanda mahindi Voi kama alivyopanda Wundanyi, na atavuna mabua. Mkamba anajua mzinga wa gogo na mbaazi. Mdawida anajua mfereji na kuzuia udongo wa mteremko. Mtaveta anajua migomba na maji ya chemchemi. Mzee Msagalla anajua tembo hunywa wapi. Skimu ikiweza kuweka maarifa hayo yote juu ya meza moja, itakuwa na chuo cha kilimo bila kujenga darasa.

Tusiwasahau kina mama. Mara nyingi wao ndio wanaochagua mbegu ya kunde, ya pojo na ya mtama, wakaitundika juu ya moshi jikoni isiliwe na wadudu. Kikundi kinachoandika maarifa ya wenyeji bila kuwauliza akina mama kimeandika nusu tu.

MALALAMIKO YANGU

Baada ya kusema hayo nataka kulalamika kidogo, maana mambo hayaendi kama yanavyopasa.

Mwaka 2021, katika mkutano mkuu wa tabianchi uliofanyika Glasgow, serikali kadha na wafadhili wakubwa waliahidi dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi na kazi ya kutunza misitu ya watu wenyeji. Taarifa ya mwaka wa kwanza ilipotolewa, ilionyesha kwamba katika fedha zilizotumika ni asilimia 7 tu iliyokwenda moja kwa moja kwa vyama vya watu hao wenyewe. Yaani kila shilingi mia iliyotolewa kwa jina lao, shilingi 7 ndizo zilizotiwa mikononi mwao. Nyingine zote zilipitia kwa watu wa katikati. Sisemi watu wa katikati ni wezi. Wana kazi yao: huandika barua, hupima, hufanya hesabu. Lakini mbuzi akichinjwa kwa jina la mzee, haifai mzee apewe kwato.

Lalamiko la pili ni juu ya jinsi kazi inavyopimwa. Mara nyingi mradi hupimwa kwa idadi ya miche iliyopandwa. Siku ya kupanda watu hukusanyika, hotuba hutolewa, miche elfu hutiwa ardhini, na picha hupigwa. Nani huja mwezi wa nane, jua lilipo kali, kuhesabu iliyo hai? Katika nchi kavu kama ya Voi kupanda ni kazi ya siku moja, na kutunza ni kazi ya miaka mitatu. Mzee anajua kwamba mara nyingine ni afadhali kutopanda kabisa, bali kuulinda ule mche uliojiotea wenyewe usiliwe na mbuzi, kwa sababu mizizi yake imekwisha kupata njia. Lakini mche uliojiotea hauna siku ya sherehe, kwa hiyo hakuna anayeulipia.

Maoni yangu ni haya. Ruzuku ya mazingira ilipwe kwa kilicho hai baada ya miaka mitatu, si kwa kilichopandwa leo. Sehemu yake itengwe kulipa siku za kazi za wazee na kina mama wanaofundisha, kama vile mtaalamu anavyolipwa siku zake. Na fedha zifike kwa kikundi kilicho wadini, kikiwa na hesabu yake wazi, badala ya kuishia mjini.

Haya si ndoto. Huko Australia Serikali imekuwa ikiwalipa wenyeji wa asili mshahara tangu mwaka 2007 kutunza nchi yao, na kazi yao mojawapo ni kuchoma nyasi mapema, kiangazi kinapoanza tu, kwa moto mdogo, ili moto mkubwa usije baadaye. Hiyo ni desturi ya wazee wao. Huko Kanada Serikali ilitenga dola milioni 25 za nchi hiyo mwaka 2017 kuanzisha kazi ya walinzi wa ardhi wenyeji. Na hapa kwetu, huko Vihiga, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikaa pamoja na wazee wa Nganyi wanaotabiri mvua. Kazi hiyo ilianza mwaka 2008 kwa fedha za wafadhili. Wataalamu walileta vyombo vyao, wazee walileta dalili zao za miti, ndege na upepo, wakalinganisha, wakawapa wakulima tangazo moja. Kama iliwezekana Vihiga, kwa nini isiwezekane Sagalla, Kasigau au Mbololo?

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako watakaosema kwamba wazee hawajui kuweka hesabu. Ni kweli wengine hawajui. Basi mweke kijana aliyesoma awe mwandishi na mweka hazina, na mzee awe mshauri. Mtoto wako aliyemaliza kidato cha nne na kukaa dukani ataipata kazi yake hapo.

Wako watakaosema kwamba huu ni ushirikina unaorudi kwa mlango wa nyuma. Siombi mtu aache kanisa lake au msikiti wake. Naomba tu tuchukue lile lenye manufaa kwa udongo na maji. Misitu ya kaya za Mijikenda ililindwa na wazee kwa kanuni zao. Serikali ilianza kuitangaza kuwa ukumbusho wa taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Leo Kaya Kinondo huko Kwale hupokea wageni wanaolipa, nao huvikwa kitambaa cheusi na kuongozwa kwa kanuni za wazee. Wakristo na Waislamu wa Kwale hawakudhurika kwa jambo hilo.

Na wako watakaosema kwamba si kila neno la mzee ni kweli. Hapo nakubali kabisa. Dalili iliyofaa wakati wa babu huenda isifae sasa, maana majira yamebadilika. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwaka 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu, na hata wazee walisema hawajaona mfano wake. Kwa sababu hiyo yatupasa kupima. Tenga kipande kidogo cha shamba, jaribu neno la mzee upande mmoja na neno la Bwana Shamba upande mwingine, andika mavuno, kisha uamue. Neno la kweli haliogopi kupimwa.

JIHADHARI NA KALAMU

Sasa nikuonye. Maarifa ni mali, na mali huibiwa. Mtu aweza kuja na kitabu, akaandika jina la mti na dawa yake, akaenda zake, na usimwone tena.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inaipa Serikali wajibu wa kulinda maarifa ya wenyeji juu ya mimea na wanyama. Mwaka 2016 Bunge lilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni. Kwa sheria hiyo maarifa ni ya jamii, na mtu wa nje lazima apate ruhusa kwanza baada ya jamii kuelezwa na kuelewa. Sheria hiyo pia inaipa serikali ya kaunti kazi ya kuandikisha maarifa yaliyomo katika kaunti yake. Kwa hiyo una haki ya kumwuliza mgeni, "Umepewa ruhusa na nani? Habari hizi utazipeleka wapi? Na faida tutagawana vipi?" Kuuliza si ukosefu wa adabu.

Jihadhari hivyo hivyo na mikataba ya hewa ya kaboni. Kaunti yetu ni mwenyeji wa kazi hiyo tangu zamani, kwani mradi wa Kasigau unaoenea katika ranchi zilizo kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi ulikuwa wa kwanza duniani, mwaka 2011, kutoa hati za kaboni ya msitu kwa kipimo cha VCS. Tangu sheria ya tabianchi ilipobadilishwa mwaka 2023, mradi wa kaboni ulio juu ya ardhi ya jamii wapaswa kuipa jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama, na lazima pawe na mkataba wa maendeleo na jamii. Angalia maneno yale, "baada ya kutoa gharama". Omba kuonyeshwa gharama zenyewe. Usitie sahihi siku ile ile ya kuletewa karatasi. Ipeleke nyumbani, isomwe kwa sauti mbele ya watu wote, kisha mkutane tena.

MAMBO YA KUFANYA MSIMU HUU

Maneno peke yake hayajazi ghala. Haya ndiyo mambo ambayo kila skimu yaweza kuyaanza kabla ya mvua za vuli.

1. Fanyeni kikundi, na kiandikishwe. Kwa sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 watu kumi watosha. Ofisi ya maendeleo ya jamii itawaonyesha njia. Kikundi kisichoandikishwa hakipati ruzuku.

2. Waiteni wazee na kina mama siku mbili. Wapeni chakula na nauli. Tembeeni nao katika skimu yote, si kukaa chini ya mti tu, maana mzee hukumbuka akiona mahali.

3. Chukueni daftari mbili. Ya kwanza ni ya mahali: maji yalipokuwa, njia za tembo, mikondo ya mafuriko, miti mikubwa iliyobaki. Ya pili ni ya maarifa: mbegu, dalili za mvua, dawa za mifugo. Daftari ya pili iwe na mlinzi wake, na mgeni asiisome mpaka kikundi kikubali.

4. Chagueni kazi moja tu. Kikundi kinachoomba fedha za nyuki, samaki, miti na kuku kwa barua moja huonekana hakijui kinachotaka. Ikiwa taabu yenu ni tembo, ombeni ua wa mizinga pamoja na miti ya maua. Ikiwa ni maji, ombeni kufukua mfereji au kujenga kizuizi cha mchanga katika korongo.

5. Anzeni kwa mikono yenu kabla ya fedha kuja. Mfadhili akiona mizinga mitano iliyotengenezwa na ninyi wenyewe, ataamini kwamba ya thelathini mtaitunza.

6. Pelekeni mtu wenu katika kamati ya wadi ya kupanga kazi za tabianchi, awe mtu asiyeogopa kusema. Mikutano ya wadi ndipo mambo yanapoamuliwa. Asiyehudhuria huamuliwa.

7. Hesabu ya fedha ibandikwe ukutani kila mwezi, mahali ambapo kila mtu apita. Fitina nyingi za vikundi huzaliwa na daftari iliyofungiwa kabatini.

MWISHO

Ndugu Mkulima, kila mwezi twazika wazee katika kaunti hii. Hakuna mfuko wa fedha, wa Washington wala wa Nairobi, unaoweza kununua kilichoingia kaburini. Mti wa asili ukikatwa, mbegu yake yaweza kupatikana mahali pengine. Mtu wa mwisho anayejua mahali chemchemi ilipokuwa kabla ya barabara kujengwa, akifa, hakuna atakayechimba pale tena.

Wenye fedha wamekwisha kukubali kwamba maarifa haya yana thamani. Imebaki sisi wenyewe tuyathamini. Wenzetu wa Gazi, huko Kwale, wametunza mikoko yao kwa mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013, na fedha za kaboni zimewaletea maji na kusaidia shule za kijiji. Hawakuwa matajiri walipoanza. Walikuwa wavuvi na wakulima kama wewe.

Wazee walisema, penye wazee haliharibiki neno. Basi mkutano wa skimu yako utakapoitishwa, mwekee mzee kiti cha mbele, mpe mama wa mbegu nafasi ya kusema, na kijana mpe kalamu aandike. Mgeni wa ruzuku atakapofika, akute kazi imekwisha kuanza, na mlango una wenyewe.